Kwa Nini Pipa la Mboji Linanuka, Linapoa na Kujaa Funza

Wengi wanaoanza kutengeneza mboji nyumbani hukata tamaa katika wiki ya tatu au ya nne. Pipa lilianza vizuri, maganda ya mboga na matunda yalikuwa yakididimia siku hadi siku, kisha asubuhi moja kifuniko kinafunuliwa na harufu ya yai viza inatanda ua mzima. Ushauri unamiminika kutoka kila upande: mwaga chokaa, nyunyiza majivu, bana kifuniko vizuri, tafuta dawa ya kuozesha, ongeza maji, acha kuweka maji. Mwenye pipa akijaribu yote kwa pamoja hali inazidi kuwa mbaya, na mwisho wa yote pipa linageuka la taka za kawaida.

Sehemu ya mkanganyiko huu imo kwenye neno lenyewe. Mboji tunaiita pia mbolea vunde, na kazi ya kuitengeneza tunaiita kuvundika. Lakini kuvundika tunakokujua zaidi ni kule kwa matunda: unayafunika, unayabana mahali penye joto, unazuia hewa isipite, yanaiva. Anayelichukulia pipa la mboji kwa mazoea hayo atalishindilia, atalifunga kabisa, atalisubiri. Mboji inataka kinyume chake. Inataka kupumua, na karibu kila tatizo la pipa la nyumbani linaanzia hapo: hewa imekosa njia, mara nyingi kwa sababu maji yamekaa mahali pake.

Tukubaliane kwanza kuhusu maneno. Mboji ni mabaki ya mimea yaliyoliwa na bakteria, kuvu na wadudu wadogo mpaka yakawa kitu cheusi, chepesi, kinachonukia kama udongo uliopata mvua. Viumbe hao wanahitaji vitu vinne tu: chakula cha kuwapa nguvu, chakula cha kujenga miili, maji na hewa. Chakula cha nguvu ni kaboni, nacho kimejaa kwenye vitu vikavu kama majani yaliyoanguka yenyewe, mabua, maranda, maboksi na karatasi. Chakula cha kujenga miili ni naitrojeni, iliyomo kwa wingi kwenye vitu vibichi kama maganda ya mboga, nyasi zilizokatwa leo na samadi.

Maneno haya “vibichi” na “vikavu” yamepoteza wengi, maana si suala la rangi wala la kukauka. Mashapo ya kahawa yana rangi ya udongo, lakini huhesabiwa kuwa kitu kibichi. Samadi hata ikikauka ni kitu kibichi. Na nyasi zilizokatwa zikiwa za kijani kisha zikaanikwa juani hubaki na sehemu kubwa ya naitrojeni yake, ilhali jani lililozeeka mtini likaanguka lenyewe limeshanyonywa naitrojeni na mti kabla ya kudondoka. Ukilijua hilo hutashangaa kwa nini lundo la nyasi “kavu” limechemka kama limewekewa moto.

Pipa linavyopumua

Viumbe wanaotumia oksijeni wanapokula hutoa kaboni dayoksaidi, mvuke na joto. Hakuna harufu mbaya katika hayo. Oksijeni ikiisha hawafi wote wakaacha kazi wazi. Zamu inashikwa na bakteria wengine wasioihitaji, na hao ndio wanaotoa haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza, pamoja na asidi zenye ukali wa siki. Hutoa pia methani, ambayo hainuki lakini inachangia kuongeza joto duniani. Kwa hiyo pipa linalonuka bado linafanya kazi, ila kazi imeingia mikononi mwa kundi usilolitaka, na kazi ya kundi hilo ni ya polepole.

Maji yanahusikaje? Fikiria nguo inayofuliwa. Ikitolewa kwenye beseni inachuruzika, hakuna hewa kati ya nyuzi. Ikikaushwa kabisa ina hewa tele lakini haina hata tone. Ikikamuliwa vizuri, tayari kwa kuanikwa, ina vyote viwili: utando wa maji kwenye kila uzi na nafasi ya hewa kati ya nyuzi. Bakteria wa mboji wanaishi kwenye utando huo mwembamba wa maji unaozunguka kila kipande. Nafasi zilizo kati ya vipande zikijaa maji, oksijeni haifiki tena, kwa sababu ndani ya maji oksijeni husambaa polepole karibu mara 10,000 kuliko hewani. Unyevu unaofaa ni asilimia 50 hadi 60 ya uzito wote, lakini huhitaji kipimo. Zamisha mkono uliovaa glavu sentimita 30 hivi ndani, chota konzi moja, kamua kwa nguvu. Tone moja au mawili yakitokeza kati ya vidole, uko sawa. Yakichuruzika, umezidisha. Ukifungua kiganja na donge likasambaratika lenyewe bila kuacha unyevu, pipa lina kiu.

Usipime kwa kuangalia juu. Juu ya pipa panaweza kuwa pamekauka kabisa huku chini kumegeuka uji.

Harufu tatu, sababu tatu

Pua ndiyo chombo bora cha mwenye pipa, mradi itofautishe. Harufu ya yai viza au ya choo maana yake hewa imeisha, karibu kila mara kwa sababu ya maji mengi au kushindiliwa. Harufu kali ya mkojo, inayochoma pua na macho, ni amonia: naitrojeni imezidi, viumbe wameshindwa kuitumia yote na inapaa hewani. Hiyo ni mbolea yako inayoondoka, kwa hiyo ongeza vitu vikavu siku hiyo hiyo. Harufu ya siki au ya kitu kilichochacha hutokea pale tunda laini au nyasi mbichi zilipomwagwa kwa wingi mara moja, zikalala na kushikana kama mkeka.

Tatizo la kwanza ndilo linaloua mapipa mengi, kwa hiyo tukae nalo. Pipa la lita 200 likishanuka yai viza, kuongeza majani makavu juu yake ni kulifunika shuka tu. Lazima litoke nje. Tandaza turubai, lilaze pipa, toa yote. Utaona tabaka lenye kung'aa, jeusi au la kijani iliyofifia, linalotoka kwa mabamba. Huo ndio mzizi wa harufu. Lichambue kwa uma wa bustani mpaka mabamba yasambaratike. Kwa kila ndoo mbili za mchanganyiko huu mlowevu changanya ndoo moja hadi mbili za vitu vikavu vyenye umbo: majani yaliyokunjamana, vijiti vyembamba, mabua yaliyokatwa, boksi lililochanwa vipande vya ukubwa wa kiganja. Maranda yanafaa, lakini unga laini wa mbao peke yake haufai, kwa sababu ukilowa unashikana na kuziba njia zile zile unazotaka kufungua. Na mbao zilizopakwa dawa ya kuzuia mchwa au rangi zisiguse pipa kabisa.

Kabla ya kurudisha, tazama pipa lenyewe. Mapipa mengi ya plastiki yaliyogeuzwa kuwa ya mboji hayana matundu sakafuni, na hapo maji hutuama hata ufanye nini. Toboa matundu ya milimita 10 hivi, kila baada ya sentimita 15, kwenye ubavu na chini. Liinue juu ya mawe au matofali mawili matatu ili hewa ipite kwa chini. Weka sakafuni tabaka la vijiti vya unene wa kidole, kina cha sentimita 10 hadi 15, kisha rudisha mchanganyiko kwa kuumwaga, si kwa kuukanyaga. Malizia na tabaka kavu juu. Baada ya siku tatu au nne geuza tena. Harufu ikirudi baada ya hapo, bado kuna donge la mabamba ndani halijavunjwa.

Chokaa je? Tafadhali iache. Chokaa inapandisha ualkali, na ualkali unageuza naitrojeni iliyomo kuwa gesi ya amonia. Unapoteza rutuba na hewa bado haijaingia. Pipa changa huwa na asidi kidogo katika siku za mwanzo, halafu hali hiyo hujirekebisha yenyewe kadiri mboji inavyokomaa. Majivu ya kuni nayo yana ualkali. Konzi moja moja iliyotawanywa haidhuru, ndoo nzima inadhuru.

“30 kwa 1” ni ya nini hasa?

Hakuna kilichowachanganya watu kama hesabu hii. Wanasikia kaboni iwe mara 25 hadi 30 ya naitrojeni, wanadhani wanatakiwa kuweka ndoo 30 za majani makavu kwa ndoo moja ya maganda. La. Hesabu hiyo inahusu uzito wa elementi zenyewe ndani ya vitu, na kila kitu tayari kina zote mbili. Nyasi mbichi zina kaboni karibu mara 20 ya naitrojeni. Majani makavu mengi yako kati ya 40 na 80. Maboksi yanapita 300.

Chukua kilo 10 za nyasi zilizokatwa leo. Karibu kilo 8 ni maji. Kilo 2 zilizobaki zina takriban gramu 900 za kaboni na gramu 45 za naitrojeni. Ongeza kilo 2 za majani makavu yenye kaboni mara 60 ya naitrojeni, na jumla inafika karibu 29 kwa 1. Kwa chakula, umepatia. Lakini pima maji: mchanganyiko huo una unyevu wa asilimia 68 hivi, ni nguo isiyokamuliwa. Utanuka ingawa hesabu ya chakula imekaa sawa! Ongeza majani makavu yafike kilo 4, unyevu unashuka hadi asilimia 60 na uwiano unapanda hadi 35 kwa 1, ambao hauna shida yoyote.

Hapo ndipo siri ya vitu vikavu inapoonekana. Ni chakula, lakini kazi yake kubwa ndani ya pipa la nyumbani ni kunyonya maji na kushikilia nafasi za hewa. Kwa matumizi ya kila siku inatosha kukumbuka ndoo: kwa kila ndoo moja ya vitu vibichi weka ndoo mbili za vitu vikavu visivyoshindiliwa. Majani makavu ni mepesi mno, kilo 4 zinajaza ndoo kubwa kadhaa, na ndiyo maana mtu anayepima kwa macho karibu kila mara huweka machache mno. Weka gunia la majani makavu pembeni ya pipa, na usimwage maganda siku gunia likiwa tupu.

Pipa lililopoa

Picha za lundo linalofuka mvuke zimewatia wengi wasiwasi bure. Lundo la kufikia nyuzi joto 55 hadi 65 kwa kawaida linahitaji ukubwa wa mita moja kwenda juu, mita moja upana na mita moja urefu, tena lililojengwa kwa siku moja. Pipa la lita 200 ni sehemu ya tano ya hapo, na huwa linajazwa kidogo kidogo. Kikombe cha chai hupoa mapema kuliko birika zima. Joto la pipa dogo nalo hupotelea ubavuni kabla halijakusanyika. Pipa lako likiwa vuguvugu tu, au baridi, huku vitu vikipungua wiki hadi wiki, halina ugonjwa. Mboji itapatikana baada ya miezi 6 hadi 12, badala ya miwili au mitatu ya lundo la moto.

Tofauti iliyopo ni hii: pipa baridi haliui mbegu za magugu wala vimelea vya magonjwa ya mimea. Nyanya iliyokufa kwa mnyauko au gugu lililokwisha kutoa mbegu visiingie humo. Kinyesi cha mbwa na paka kisiingie kabisa kwenye mboji ya mboga, kwa sababu mayai ya minyoo na vimelea wengine waliomo huvumilia muda mrefu.

Kama pipa lilikuwa na joto kisha likapoa ghafla, ligeuze. Joto likirudi ndani ya siku mbili tatu, lilikuwa limekosa hewa. Lisiporudi, kamua konzi: kama ni kavu, nyunyiza maji huku ukigeuza, tabaka kwa tabaka. Kumwaga ndoo ya maji juu hakusaidii. Maji yanafuata ukuta wa pipa yakatokea chini huku katikati pakibaki pakavu. Kama unyevu upo na hewa ipo, ongeza vitu vibichi. Na kama vyote vipo, vipande havitambuliki tena na pipa limepoa, basi limeingia katika kukomaa. Liache. Lundo kubwa nalo linaweza kuzidisha joto. Likipita nyuzi 70 viumbe wenyewe huanza kufa, na dawa ni kulifungua na kulilowesha kidogo.

Funza, sisimizi na panya

Funza huwatisha watu kuliko harufu, na wengine humwaga dawa ya wadudu ndani ya pipa, jambo linaloua pia wale wanaokutengenezea mboji. Tazama kwanza ni funza gani. Wale wakubwa, bapa, wenye pingili zinazoonekana wazi, rangi ya kijivu au kahawia, ni watoto wa inzi mweusi mwembamba anayefanana kidogo na nyigu. Inzi huyo hang'ati wala hatui kwenye vyakula mezani, na funza wake hula mabaki kwa kasi ya ajabu. Wale weupe, wadogo, waliochongoka upande wa kichwa ni wa inzi wa kawaida. Wote wanakuambia jambo moja: kuna chakula kilowevu kimeachwa wazi juu. Fukia maganda kina cha sentimita 15 katikati, kisha funika kwa vitu vikavu vya unene wa sentimita 5 hadi 8. Vile vijinzi vidogo vya matunda hupungua kwa njia hiyo hiyo.

Sisimizi wakiweka makazi, pipa limekauka. Nyungunyungu na majongoo waache. Utando mweupe kama majivu au utandabui ni kuvu na bakteria wanaovunja vitu vigumu vya mbao, na hauhitaji kuondolewa, ingawa ukisambaa sana ndani ya lundo la moto ni dalili ya ukavu.

Panya ni habari nyingine. Wanakuja kwa nyama, samaki, mifupa, maziwa, mafuta na vyakula vilivyopikwa, na vitu hivyo havina nafasi katika pipa la nyumbani. Ziba chini na matundu ya ubavuni kwa wavu wa chuma wenye nafasi zisizozidi milimita 6. Panya mchanga hupita kwenye tundu unaloliona dogo mno, na plastiki peke yake huitafuna. Kama wameshaingia, vaa glavu na viatu vilivyofunika miguu unapogeuza, na nawa kwa sabuni, kwa sababu mkojo wao unaweza kubeba leptospirosisi, yaani homa ya mgunda.

Mambo yanayosemwa sana

Kwamba maganda ya machungwa na vitunguu yanaua mboji: si kweli. Yakikatwa na kuchanganywa na vingine yanaoza, ila machungwa huchukua muda zaidi. Kwamba lazima ununue unga wa kuanzishia: bakteria wanaotakiwa wako tayari kwenye majani na maganda, ukitaka kuwaongeza, beleshi moja la mboji ya zamani linatosha. Kwamba maji meusi yanayotoka chini ni mbolea ya maji ya kumwagia mboga: hayo ni michirizi ya pipa lililolowa kupita kiasi, yanaweza kuwa na vimelea na asidi, na mahali pake ni kurudi juu ya vitu vikavu.

Mifuko iliyoandikwa kwamba inaoza inahitaji maelezo. Mingi hutengenezwa ili ioze kwenye viwanda vinavyoshikilia joto la karibu nyuzi 58 kwa wiki kadhaa. Pipani kwako itabaki mifuko. Baadhi ya vipakiti vya majani ya chai vina nyuzi za plastiki, kwa hiyo pasua, mwaga majani, tupa kipakiti. Vibandiko vya matunda vibanduliwe. Maganda ya mayai yasiposagwa utayakuta mwakani jinsi yalivyo, bila madhara. Vingine vyote vikatwe vipande vya sentimita 2 hadi 5; vidogo zaidi ya hapo vinashikana, vikubwa zaidi vinachelewa.

Imeiva?

Mboji iliyoiva imepungua hadi nusu ya ujazo wake wa mwanzo au chini zaidi, haina joto, na hutambui tena kilichowekwa isipokuwa vijiti. Ikishafika hapo iache walau mwezi mmoja ikomae, kwa maana mboji changa ikichanganywa na udongo huendelea kula naitrojeni, na miche inageuka njano. Kuhakikisha, lowesha konzi mbili, zifunge kwenye mfuko wa plastiki bila kuacha hewa nyingi, uziweke kivulini kwa wiki moja. Ukifungua ukakuta harufu ya udongo, tumia. Ukikuta harufu ya uchachu au amonia, irudishe.

Kipimo cha pili ni cha lazima kama uliweka samadi au nyasi usizojua zilikotoka. Kuna viuamagugu, hasa aminopiralidi na klopiralidi, vinavyopita tumboni mwa mnyama na kwenye lundo la moto bila kuharibika. Changanya mboji na udongo nusu kwa nusu kwenye vikopo vitatu, jaza udongo mtupu kwenye vitatu vingine, panda maharage yote siku moja, subiri wiki tatu. Majani mapya ya vikopo vya mboji yakijikunja kama kikombe na shina likapinda huku yale ya udongo mtupu yakinyooka, mboji hiyo isiende kwenye maharage, njegere, nyanya wala viazi. Itandaze kwenye nyasi za uwanja, ambazo viuamagugu hivyo havizidhuru, usizitumie nyasi hizo kwa mboji nyingine, na rudia kipimo kwa samadi yoyote mpya kabla haijaingia pipani.